Anthony Allison: Mwana wa Bonde la Ufa aliyefumbua fumbo la selimundu

KORBESA, katika eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo, ni nchi ya ng'ombe, ngamia na mbuzi. Mto Ewaso Nyiro ndio tegemeo la wakazi wake, na jua la huko halina mzaha. Mtu akitandaza ramani inayoonyesha mahali ambapo jeni ya ugonjwa wa selimundu imekita mizizi nchini Kenya, ataona rangi nzito Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Rangi hiyo hufifia kadiri anavyopanda nyanda za juu, na hufifia vilevile anapoelekea nyanda kame za wafugaji kama hizi za Isiolo.

Kwa nini damu ya watu wa nchi moja itofautiane hivyo kulingana na mahali wanapoishi? Swali hilo lilimnasa kijana mmoja aliyelelewa katika Bonde la Ufa, naye hakulala hadi alipopata jibu. Jina lake lilikuwa Anthony Clifford Allison. Jibu lake liliingia katika vitabu vya sayansi vya ulimwengu mzima, na hadi leo mwanafunzi wa biolojia hawezi kumaliza masomo bila kukutana nalo, hata kama hajui kwamba lilizaliwa hapa Afrika Mashariki.

Aidha, jibu hilo linamhusu kila mzazi ambaye mtoto wake ana selimundu, hasa anayehofia ubongo wa mtoto huyo. Jeni inayomkinga mtoto mmoja dhidi ya malaria inayopanda kichwani ndiyo hiyohiyo inayoweza kumletea ndugu yake wa tumbo moja kiharusi kabla hajajua kusoma.

Utoto katika Bonde la Ufa

Allison alizaliwa Agosti 21, 1925, katika mji wa East London nchini Afrika Kusini, lakini nchi aliyoifahamu utotoni ilikuwa Kenya. Familia yake ilikuwa ya wakulima wa kizungu waliofanya makao katika Bonde la Ufa, zama ambazo ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa walowezi. Hapo ndipo kijana huyo alipojifunza kuwatazama ndege, wanyama na mimea, akawa na mazoea ya kuuliza sababu ya kila kiumbe kuwa na umbo lake.

Hizo ndizo zilizokuwa enzi za Louis Leakey, aliyekuwa akichimbua mabaki ya binadamu wa kale katika bonde hilohilo. Kazi za Leakey zilimvutia Allison mapema, zikamtia hamu ya kujua binadamu alitoka wapi na ni mambo gani yaliyomfinyanga akawa alivyo.

Alipokua alirudi Afrika Kusini kusoma sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Uingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alipata shahada ya uzamifu mwaka 1950, na miaka miwili baadaye akafuzu udaktari. Hata hivyo, tukio lililoamua mkondo wa maisha yake lilitokea kabla ya shahada hizo.

Msafara wa mwaka 1949

Mwaka 1949, Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara wa kisayansi katika Mlima Kenya. Wenzake Allison walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Nia yake ya awali ilikuwa kulinganisha makundi ya damu ya jamii mbalimbali za Kenya ili kuona uhusiano wao wa kale. Pamoja na hilo, aliongeza kipimo kimoja kidogo: aliangalia ni watu wangapi ambao chembe zao nyekundu hujikunja zinaponyimwa oksijeni.

Kipimo hicho hakikuhitaji mitambo mikubwa. Tone la damu huwekwa katikati ya vioo viwili, hewa ikazuiwa, na baada ya muda mtaalamu huchungulia kwa hadubini. Chembe za kawaida hubaki duara. Chembe za mwenye jeni ya selimundu hugeuka zikawa nyembamba na zilizopinda, mfano wa mundu wa kuvunia mpunga.

Matokeo yalimshangaza. Katika jamii za Pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya kila 100 walibeba jeni hiyo. Katika nyanda za juu zilizo kati ya sehemu hizo mbili, hawakufika hata mmoja kati ya 100. Tofauti hiyo haikufuata lugha wala ukoo. Jamii zenye asili moja zilitofautiana, na jamii zisizo na udugu wowote zilifanana mradi tu zilikaa katika mazingira ya namna moja.

Allison alijiuliza ni kitu gani kilichopatikana Pwani na Ziwani lakini kikakosekana kwenye baridi ya milimani. Aliyekulia Kenya hakuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Kitu hicho kilikuwa mbu, na pamoja naye malaria.

Fumbo lililowashinda wengi

Ili kuelewa uzito wa wazo hilo, yafaa turudi nyuma kidogo. Selimundu iliandikwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910. Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza hali ya mwanafunzi wa udaktari wa meno, Walter Clement Noel, aliyetoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe zake za damu zilikuwa na umbo la ajabu. Noel alifariki mwaka 1916 akiwa bado kijana.

Mwaka 1949 ulikuwa wa neema kwa wachunguzi wa ugonjwa huo. Nchini Marekani, James Neel alithibitisha kwamba mgonjwa hurithi jeni mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, ilhali aliyerithi moja tu huwa mbebaji asiyeugua. Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Nchini Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper walipima jamii mbalimbali wakaona tofauti kubwa mno. Miongoni mwa Waamba wa magharibi mwa nchi hiyo, karibu watu 4 kati ya 10 walikuwa wabebaji.

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Katika zama hizo, karibu kila mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa na jeni mbili alifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Kila kifo cha namna hiyo kiliondoa jeni mbili duniani. Kwa hesabu hiyo, jeni ingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi hadi itoweke. Ilikuwaje basi ikajaa kiasi hicho? Wengine walidhani huzaliwa upya mara kwa mara kwa ajali za maumbile. Wengine walisema ni alama tu ya kabila na uhamaji.

Wazo la Allison lilikuwa jingine. Aliona kwamba mwenye jeni moja lazima ana faida asiyo nayo mwenye damu ya kawaida, na faida hiyo ni kuhimili malaria. Kwa hiyo, penye malaria kali wabebaji huishi kwa wingi na kuzaa kwa wingi, na jeni hudumu ingawa inawaua baadhi ya watoto wao. Pasipo na malaria, hasara hubaki peke yake, na jeni hupotea.

Kampala na Nairobi

Wazo pekee halitoshi katika sayansi. Allison alingoja hadi alipomaliza masomo ya udaktari, kisha mwaka 1953 akarejea Afrika Mashariki kutafuta ushahidi.

Nchini Uganda alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati yao, 43 walikuwa wabebaji wa jeni ya selimundu, na 12 tu miongoni mwa hao walikutwa na vimelea vya malaria, yaani karibu 28 kati ya 100. Kati ya watoto 247 wenye damu ya kawaida, 113 walikuwa na vimelea, yaani karibu 46 kati ya 100.

Kisha likaja jaribio ambalo hadi leo huzua mjadala. Wanaume 30 wa jamii ya Waluo, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasio wabebaji, waliambukizwa malaria kwa makusudi, wakafuatiliwa, kisha wakatibiwa. Kati ya wale wasio na jeni, 14 walipata malaria. Kati ya wabebaji, ni wawili tu walioipata.

Ingawa wanaume hao walihesabiwa kuwa wa kujitolea, msomaji wa leo ana haki ya kuguna. Kenya ilikuwa koloni, na tangu Oktoba 1952 ilikuwa chini ya hali ya hatari. Leo jaribio la namna hiyo haliwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili na bila kila mhusika kuelezwa kikamilifu hatari anayoikabili. Jina la Allison limo katika vitabu, ilhali historia haiwakumbuki kwa majina wanaume hao 30 walioitoa miili yao. Kumsifu mwanasayansi huyo bila kuwataja ni kusimulia nusu ya kisa.

Mwaka 1954 alichapisha matokeo yake, pamoja na vipimo vya maelfu ya watu wa jamii za Afrika Mashariki, vilivyoonyesha kwamba jeni na malaria huandamana. Wengi hawakuamini mara moja, na baadhi ya majaribio ya wenzake hayakutoa majibu kama yake. Muda ulimpa haki. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja hupata kinga ya karibu nusu dhidi ya malaria ya kawaida, na kinga inayokaribia asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Malaria ya ubongo, inayomtia mtoto kifafa na kumzimisha fahamu, imo katika kundi hilo la malaria kali.

Hivyo basi kijana wa Bonde la Ufa alikuwa ameupa ulimwengu mfano wa kwanza ulio wazi wa namna maradhi yanavyochagua, kizazi baada ya kizazi, ni binadamu gani wataishi.

Upande wa pili wa sarafu

Faida ya mmoja ilikuwa msiba wa mwingine. Wazazi wawili wabebaji wanapopata mtoto, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa. Nafasi mbili kati ya nne ni za kupata mbebaji kama wao, na moja ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa.

Mtoto mgonjwa hujulikana kwa maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, macho ya manjano na kuvimba vidole. Lakini dhara lililo zito kuliko yote ni lile linaloufikia ubongo. Chembe zilizopinda ni ngumu na zenye kunata. Mwaka baada ya mwaka hukwaruza kuta za mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, kuta hizo zikawa nene, njia ikawa nyembamba, hadi siku moja sehemu ya ubongo inakosa damu.

Siku hiyo mtoto aliyekuwa akicheza huangusha kikombe kwa sababu mkono umelegea ghafla. Uso hupinda, ulimi huwa mzito, mguu mmoja huburutwa. Wengine huanza kwa degedege au maumivu makali ya kichwa. Bila matibabu, takribani watoto 11 kati ya 100 wenye aina kali ya selimundu hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20, na aliyekipata mara moja yumo hatarini kukipata tena.

Kuna pia viharusi vya kimyakimya, visivyolegeza mkono wala mguu. Hivi ni vingi kuliko vile vinavyoonekana. Dalili yake ni mtoto aliyekuwa mwepesi darasani kuanza kusahau, kushindwa hesabu na kukosa utulivu. Mwalimu humwona mvivu, mzazi humwadhibu, kumbe ubongo umejeruhiwa.

Msomaji atambue kwamba Allison hakuwa tabibu wa viharusi. Kazi yake ilieleza kwa nini jeni hiyo ipo na mahali gani itarajiwe. Waliokuja baadaye ndio waliotafuta namna ya kuwakinga watoto.

Nchini Marekani, Robert Adams na wenzake walitumia mawimbi ya sauti yanayopitishwa kwenye fuvu kupima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo ya watoto hao. Kasi ikizidi sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Mwaka 1998 walithibitisha kwamba kuwaongezea damu kila mwezi watoto wa namna hiyo hupunguza viharusi kwa takribani asilimia 90. Kwa nchi zetu, ambako damu salama ni adimu, tumaini kubwa zaidi ni dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea. Utafiti uliowashirikisha watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, ambapo kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi, ulitoa matokeo mwaka 2019 yaliyoonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo.

Kurudi Nairobi

Maisha ya Allison hayakuishia kwenye selimundu. Alifanya utafiti kwa muda katika maabara ya Pauling huko California, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi Uingereza.

Mwaka 1978 alirudi Kenya, safari hii akiwa mkurugenzi wa Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Mifugo, ILRAD, jijini Nairobi. Maabara hiyo, ambayo katika miaka ya 1990 iliunganishwa na nyingine ikawa taasisi ya ILRI, ilijishughulisha na ndigana pamoja na nagana inayoenezwa na mbung'o. Kwa mfugaji wa Korbesa, asiyekuwa na sababu ya kulijua jina la Allison kupitia selimundu, hapo ndipo kazi ya mtu huyo ilipokaribia boma lake. Aliiongoza maabara hiyo hadi mwaka 1980.

Kisha alihamia California na mkewe, Elsie Eugui, ambaye pia alikuwa mwanasayansi. Kwa mara nyingine alianza na watoto waliorithi maradhi. Alitambua kwamba watoto wanaozaliwa na upungufu fulani wa kimeng'enya hukosa kabisa kinga ya mwili, ilhali wengine, wenye upungufu wa kimeng'enya kingine cha jamii hiyohiyo, huumia ubongo lakini kinga yao hubaki. Kutokana na tofauti hiyo, wawili hao walitambua njia ya kutuliza kinga ya mwili bila kuharibu viungo vingine. Tunda lake lilikuwa dawa ya mycophenolate mofetil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Maelfu ya watu waliopandikizwa figo wameishi kwa sababu yake.

Allison alifariki California Februari 20, 2014, akiwa na umri wa miaka 88.

Fundisho kwa nchi kame

Ramani aliyoisoma mwaka 1949 ingali na maana, lakini watu hawakai tena mahali walipozaliwa. Mwalimu hutoka Siaya akahamishiwa Merti. Polisi hutoka Kilifi akapangiwa Isiolo. Mfanyabiashara huoa mbali na kwao, na watoto huzaliwa na damu ya pande zote mbili. Jeni husafiri na mwenyewe.

Hatari ya mahali ambapo ugonjwa ni nadra ni kwamba hakuna anayeufikiria. Mtoto akilegea upande mmoja, jirani atasema amepagawa, na tabibu aliyezoea magonjwa ya wafugaji aweza kupita kando ya jibu lililo mbele yake. Kutoka Korbesa hadi hospitali kubwa ni mwendo mrefu, na saa zinazopotea njiani ni sehemu ya ubongo inayopotea.

Ndiyo maana wazazi wanaotoka maeneo yenye malaria, popote walipo, wanahimizwa kupimwa na kuwapima watoto wao mapema. Mtoto mwenye selimundu akilegea ghafla kiungo, akishindwa kuzungumza au akipatwa na degedege, hiyo ni dharura isiyongoja kesho. Naye mwalimu anayemwona mwanafunzi wa namna hiyo akishuka darasani asiharakishe fimbo.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeishi mahali ambapo selimundu ni ya kusikika tu, ni rahisi kuudhani mwepesi mzigo wa aliye nao. Allison alitumia tone la damu kuonyesha kwamba mzigo huo haukutokana na laana wala uchawi. Ni bei ambayo wahenga wetu waliilipa ili wengine waokoke na malaria. Watoto wa leo ndio wangali wanaidaiwa, nao hawastahili kuachwa wailipe peke yao.